Mstari wa Chai wa Mzee Mwidani

Pale Shika Adabu, upande wa Likoni, miaka ile ya themanini kwenda tisini, kikombe chako kikiingia weusi wa chai hukukitupa, wala hukukificha nyuma ya kabati wageni wakija. Ulikipeleka kwa Bi Mwanarusi. Ulimkuta uwani kwake, amekalia kibao cha mbuzi ya nazi, miguu ameinyoosha. Alikipokea kikombe, akakielekeza juani, akachungulia ndani vile daktari anavyomchungulia mtoto koo.

"Hili doa la lini?"

"Ah, la juzi juzi tu, Bi Mwanarusi."

"Juzi ya mwaka gani? Usinidanganye, shoga. Humu mna Ramadhani mbili."

Na alikuwa hakosei. Maji ya visima vya huko yana chumvi chumvi, na chai iliyopikwa kwa maji hayo ikishika kikombe haiachi. Yeye alikuwa ameyasoma madoa hayo tangu utotoni, kwa bibi yake huko Mtongwe, na kila doa alilijua na dawa yake. La juma moja alilitoa kwa chumvi kavu na ganda la ndimu iliyokwisha kukamuliwa, akilizungusha kwa kidole kimoja, polepole, mpaka maji yake yakawa na rangi ya udongo. La miezi lilitaka majivu, tena si majivu yoyote. Yalikuwa ya kuni za mkoko, yaliyochekechwa kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama poda, yakapakwa kwa kumbi la nazi. Lakini doa lililoganda mpaka likawa kama rangi ya mlango, hilo lilikuwa la magadi. Alichemsha maji, akatia magadi kiasi cha kiganja, kisha akajaza kikombe kimoja kimoja, kikiwa kimesimama, akakiacha muda wa kupika wali. Ukirudi ulikikuta cheupe, unaona haya kukinywea.

Mchanga alikuwa hataki hata kuusikia.

"Mchanga wakwaruza," alisema. "Ukishakikwaruza kikombe, umeijengea chai nyumba. Haitoki tena."

Alikuwa ameolewa mara mbili na kuachwa mara mbili, mtoto hakujaliwa, na mambo hayo mwenyewe aliyataja kwa kicheko kabla mtu hajamtajia. "Waume wawili wamenishinda," alisema, "lakini kikombe hakijanishinda hata kimoja."

Sasa sikiliza habari ya vikombe vya mtaa. Mwaka wa themanini na tano wanawake wanane wa pale, Mwanarusi akiwa mmoja wao, walicheza mchezo wa vyombo. Kila mwezi walichanga, na mmoja wao akanunuliwa dazeni ya vikombe, mpaka wote wanane wakapata. Vilitoka duka moja, vyote pacha: vyeupe, na utepe wa kijani ukingoni. Pakiwa na harusi au khitma, kila nyumba ilitoa vyake kumi na viwili, vikawa tisini na sita, na hakuna aliyehangaika kukodi. Ili visipotee, kila mmoja alitia alama yake chini ya kitako kwa rangi ya kucha. Bi Mwanarehema alichora mwezi. Rosalia, mke wa Wafula, mtu wa bara aliyepanga jirani na Mwanarusi, alichora msalaba. Bi Mwanasaumu alitia nukta tatu nyekundu.

Lakini vikombe pacha vikilelewa nyumba mbalimbali haviwi pacha tena. Vikipangwa kwenye sinia moja mbele ya wakwe, kimoja cheupe, kimoja manjano, kimoja cheusi ndani kama chungu, wageni watatazamana, na mwenye nyumba atajulikana hata kama hakutajwa. Ndiyo maana siku mbili kabla ya kila harusi vyote vilipelekwa kwanza kwa Mwanarusi. Kazi yake ilikuwa kuvifanya vifanane, ili asiaibike mtu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliishika mwenyewe, na hakuwahi kumwambia yeyote ni kikombe cha nani alikikuta katika hali gani.

Kati ya wale wanawake saba wengine, mtu wake wa moyoni alikuwa Mwanasaumu. Walianza chuo cha Kurani pamoja, wakavunja ungo mwaka mmoja, na Mwanarusi alipoachwa mara ya pili, aliyempokea na furushi lake la nguo alikuwa Mwanasaumu na mumewe, Mzee Mwidani. Mwidani alikuwa mpakuzi wa meli kule Kipevu, mtu wa maneno mengi na mguu mwepesi. Alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, na kila alfajiri mkewe alimpikia sturungi, chai kavu isiyo maziwa, katika kikombe kilekile kimoja. Yeye alikunywa nusu, akaacha nusu.

"Hiyo yako," alimwambia. "Ukimaliza pilikapilika zako ukae uinywe."

Na Mwanasaumu alikuwa na pilikapilika nyingi. Mpaka akae, ile nusu ilikuwa imesimama kikombeni saa nzima, imepoa. Akainywa hivyohivyo. Miaka minne hivi, kila siku ya Mungu. Chai ile ikachora mstari ndani ya kikombe, kahawia, karibu na katikati, kama mstari wa maji ya bahari kwenye nguzo.

Mwaka wa themanini na tisa Mwidani alifariki. Mwanasaumu alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, ikaisha. Watu wakamngoja atoke. Hakutoka. Aliyekuja kumtazama alimkaribisha kwa uso mzuri, lakini yeye mlango wake hakuuvuka, si kwa harusi wala kwa matanga. Kile kikombe alikiweka kabatini peke yake. Alikitoa siku za Ijumaa, akakisuza kwa maji matupu, akakirudisha.

Mwaka wa tisini na moja Bi Mwanarehema alimwoza binti yake. Jumatano mchana Mwanarusi alipita nyumba kwa nyumba kukusanya vikombe, na kwa Mwanasaumu alivikuta vimepangwa tayari kwenye karai. Alivihesabu kwa macho. Vilikuwa kumi na viwili.

"Na hiki cha Mwidani pia?" aliuliza.

"Nitoe kumi na kimoja, waseme Mwanasaumu ana choyo?" Mwanasaumu akakichukua, akamwonyesha ule mstari, ingawa Mwanarusi alikuwa akiujua. "Watu wanywe tu, mwenyewe alikuwa hapendi kunywa peke yake. Lakini wewe shoga yangu, hiki usikitie dawa zako. Kisuze tu. Wanisikia?"

"Nimekusikia."

"Niambie wallahi."

"Wallahi."

Na alikuwa amekusudia hivyo. Lakini siku ile mawingu yalikuwa yamejifunga upande wa kusini, kuni ni chache, vikombe ni tisini na sita, na kujaza kimoja kimoja kungemfikisha Isha. Pale uwani palikuwa na lile sufuria kubwa la pilau lililoletwa kwa ajili ya harusi. Mwanarusi akalitazama, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alilijaza maji, akayachemsha, akatia magadi viganja vitano, akavitumbukiza vikombe vyote humo, kimoja baada ya kimoja, mkono wake ukienda wenyewe huku mawazo yakiwa kwenye mvua. Kisha akafunika, akatia udhu, akaingia ndani kusali Alasiri.

Alikumbuka akiwa amesujudu.

Sala ile aliimaliza, lakini ni Mungu tu ajuaye aliimaliza vipi. Alitoka mbio mkeka haujakunjwa. Alipofunua sufuria, aliona kitu kinaelea juu ya maji, vipande vidogo vidogo vyekundu na vya waridi, kama maua yaliyomwagwa kwenye karai. Akatia mkono, maji yakamuunguza, hakujali. Akatoa kikombe, akakigeuza. Kitako kitupu. Akatoa cha pili. Kitupu. Mwezi, msalaba, nukta tatu, alama zote za nyumba nane zilikuwa zimebanduka na zinaogelea. Siku zote alipojaza vikombe vikiwa vimesimama, vitako vyao vilibaki vikavu. Hakuwahi kuwaza kwamba magadi yangekula na rangi ya kucha.

Alivitoa vyote, akavipanga juu ya kanga. Alitazama ndani ya kila kimoja, akitafuta mstari, hata kivuli chake. Vilikuwa vyeupe vyote tisini na sita. Tangu azaliwe hakuwahi kusafisha vizuri vile.

Harusi ilifana. Wakwe walisifu vikombe. Mwanarusi alisimama mlangoni mwa jikoni akiwatazama wanaume wa watu wanavyokunywa, akijua mmoja wao ameshika kikombe cha Mwidani, na yeye hajui ni yupi.

Kurudisha ndiko kulikokuwa kizaazaa.

"Vyangu vilikuwa vizito," alisema mmoja.

"Vizito kwa nini, vilikuwa na mimba?" akajibu Bi Mwanarehema. "Hesabu kumi na viwili, mama, shika njia."

"Mimi nilichora msalaba, jamani!" Rosalia akalia. "Uko wapi msalaba wangu?"

"Umesilimishwa," mtu akamjibu nyuma, na wote wakaanguka kicheko, hata Rosalia mwenyewe. Basi kila mmoja akahesabu kumi na viwili, akaenda zake. Vikombe pacha, ugomvi wa nini?

Mwanarusi alimpelekea Mwanasaumu kumi na kimoja; cha kumi na mbili hakuthubutu kumpa kama cha Mwidani.

"Na kile?" Mwanasaumu aliuliza, hata kabla ya salamu kuisha.

Alikuwa amejiapiza njiani kwamba atasema kweli. Alipouona ule uso, kweli ikamponyoka. "Kimebaki kwangu," akasema. "Nilikitenga mbali na vingine kisichanganyike. Nitakileta."

"Mungu akulipe, shoga yangu. Nilikuwa sina raha."

Alirudi nyumbani akaketi na kile kikombe cha kumi na mbili mapajani. Huenda ndicho, huenda sicho. Alikaa hapo mpaka adhana ya Magharibi. Kisha likamjia wazo ambalo mwenyewe alilionea haya. Kama kuna mtu mmoja Likoni nzima anayejua namna chai inavyokamata kikombe, ni yeye.

Alfajiri ya siku ya pili akapika sturungi. Akaipika kwa maji ya kisima, si ya mfereji, na majani akayazidisha mpaka ikawa nyeusi ti. Akamimina nusu ya kikombe. Akakiacha juu ya dirisha ipoe, isimame, ishike. Mchana akaimwaga, hakukisuza. Kesho yake tena. Na kesho yake. Juma la kwanza hapakuwa na kitu ila ukungu. Juma la pili kukaonekana uzi mwembamba. Mikono ile iliyozoea kufukuza madoa sasa ilikuwa ikilibembeleza moja likae.

Rosalia, ambaye dirisha lake lilitazama lile dirisha, alivumilia siku ishirini.

"Mama Mwanarusi," alisema akiwa ameshika kiuno, "hii chai yenye hainywewi na mtu, unawekea nani? Niambie tu. Kama ni majini, mimi nihame mapema."

"Majini ya wapi! Majini wangekunywa hii? Hebu ionje."

Rosalia akaonja, akatema. "Uuwi! Hata shetani angekimbia."

"Basi waona."

"Sasa ni ya nani?"

"Ya mtu aliyenikopesha imani," Mwanarusi akasema, bila kile kicheko chake cha siku zote. Rosalia akaona si jambo la mzaha, na tangu siku ile kila alfajiri alimwekea kaa la moto kwenye kijiko, asihangaike kuwasha jiko.

Mwanasaumu alipouliza, Mwanarusi alikuwa na jawabu. Mara amesahau, mara mvua. Sababu zikaisha kabla ya siku. Siku ya arobaini na moja mstari ulikuwa umekaa, kahawia, katikati hasa. Aliusugua kwa kidole, haukutoka. Akakifunga kikombe kwa leso safi, akavaa buibui lake, akaenda.

Mwanasaumu alikipokea kwa mikono miwili. Akakifungua leso. Akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, na macho yake yakajaa maji.

"Nisamehe," akasema.

Mwanarusi akashtuka. "Nikusamehe nini?"

"Nilikudhania vibaya. Siku zote hizi, kila ukija mikono mitupu, nilisema moyoni, amekisugua, hataki kuniambia. Mtu niliyesoma naye juzuu! Nimekukosea. Nisamehe, Mwanarusi."

Kama angemtukana, Mwanarusi angenyamaza akarudi nyumbani na siri yake. Lakini kuombwa msamaha kulimshinda. Alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

"Hicho si cha Mwidani," alisema. "Mstari huo nimeuchora mimi."

Akamweleza yote. Sufuria la pilau, magadi viganja vitano, sijida, rangi za kucha zikielea, sturungi ya alfajiri. Hakujitetea kwa mvua wala kwa wingi wa vikombe. Alipomaliza, alingoja.

Mwanasaumu alikuwa amekiweka kikombe chini, mbali kidogo na yeye.

"Umenifanya mjinga," alisema taratibu.

"Nimekufanya."

"Uliniapia."

"Nilikuapia."

Nje mtu alipita akinadi mihogo, sauti yake ikaja, ikaenda, ikapotea. Mwanarusi alikuwa na miaka hamsini na tatu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuogopa vile. Waume wawili walimtoka, na hata mmoja hakumwachia woga huo.

"Siku ngapi ulipika?" Mwanasaumu akauliza mwishowe.

"Arobaini na moja."

"Kila alfajiri?"

"Kila alfajiri."

"Wewe, usiyeweza kuliona doa ukalala."

"Mimi."

Mwanasaumu akakivuta kikombe kwa ncha ya kidole, akachungulia tena ndani. "Tena umekosea," alisema. "Wa Mwidani ulikuwa chini ya hapa. Alisema anakunywa nusu, mwongo yule. Alikuwa akipunja." Pembe moja ya mdomo ikamcheza, kisha ikatulia. "Basi chake kiko wapi?"

"Sijui. Huenda kikawa hicho, huenda kikawa kwako kabatini, huenda kikawa nyumba yoyote. Wallahi sijui."

"Kwa Rosalia?"

"Pengine."

"Kwa Mwanarehema?"

"Pengine."

"Kwa hivyo kinanywewa."

"Kinanywewa, ndiyo. Kila siku."

Mwanasaumu alikizungusha kikombe pale sakafuni. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Mwanarusi akadhani analia, akanyanyuka ende amshike, kumbe ni kicheko. Kilikuwa kicheko na kilio pamoja, huwezi kukipambanua. "Mtu yule alikuwa hakai nyumbani," alisema akijifuta kwa upindo wa kanga. "Mguu wake nje, kila baraza yake. Mie nikamfungia kabatini miaka miwili. Ametoroka! Umemfungulia mlango, ametoroka!"

Akasimama. Akaenda chumbani, akarudi na buibui jeusi lenye mikunjo ya kukaa sandukuni, linanukia udi wa zamani.

"Waenda wapi?" Mwanarusi akauliza.

"Kumtafuta."

"Utamjua vipi? Mstari umetoka, alama imetoka..."

"Nimekinywea chai iliyopoa ya mtu yule miaka minne. Mdomo wangu utakijua." Mwanarusi, aliyevijua vikombe vile kuliko mtu yeyote, alijua havina tofauti hata ya unywele. Aliufunga mdomo wake. "Na hiki," Mwanasaumu akaendelea, akimrudishia kile kikombe cha siku arobaini na moja, "hiki si cha Mwidani wala si changu. Hiki chako. Ole wako nisikie umekitia ndimu."

Kwenye kizingiti alisita. Vidato vilikuwa vitatu tu, lakini ni miaka miwili hakuvishuka. Akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, na Mwanarusi akaudaka. Wakashuka pamoja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Rosalia. Alikuwa akianika nguo, na alipoona ni nani anayekuja, alidondosha shati la Wafula mchangani.

"Shikamoo, Mama! Ni wewe? Umetoka?"

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka. Tupikie chai, kavu."

Rosalia akakimbia ndani, akatoa viti, akatoa kikombe cheupe chenye utepe wa kijani. Mwanasaumu akasema bismillahi, akanywa, taratibu, mpaka tone la mwisho, macho ameyafumba. Jirani mmoja alikuwa amechungulia ukutani, akamwita wa pili, na wa pili akaja na kigoda chake. Mwanasaumu akafumbua macho, akakigeuza kikombe, akakitazama nje na ndani, akamrudishia mwenyewe.

"Si hiki," alisema. "Nipe kingine."

Rosalia akamtazama Mwanarusi, asielewe. Mwanarusi hakumweleza. Alikuwa amekwisha kuinama kwenye jiko, anapepea makaa. Vilikuwa kumi na viwili kwa Rosalia peke yake, na asubuhi ilikuwa bado mbichi.